Kila Upepo Una Kwao

Mgeni anayelala Mutwanga kwa mara ya kwanza huamshwa na baridi. Mchana ametoka jasho, jioni ameacha dirisha wazi, na saa nane ya usiku anajikuta anatafuta blanketi gizani. Asubuhi akiuliza ni nini kilichotokea, wenyeji watamjibu kwa kifupi tu: "Ni upepo ya mulima." Hakuna atakayemweleza zaidi, sababu kwa mutu wa hapa maneno hayo yanatosha. Yanasema ni saa gani, yanasema ni upande gani, na yanasema pia cha kufanya: usiku funga dirisha la upande wa mashariki.

Wenzetu wameandika juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina ya watoto. Sisi tumechagua jambo dogo kuliko hayo, yaani majina tunayowapa pepo. Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni moto tulioutia wenyewe tukiwa vijana. Ya pili ni jibu alilotupa mtoto wetu si miaka mingi iliyopita. Tutaeleza yote mawili.

Pepo mbili za Mutwanga

Mutwanga iko miguuni mwa Ruwenzori, kidogo tu juu ya mita 1000. Kilele cha Margherita, huko juu, kina mita 5109. Ni kusema kwamba mlima unatusimamia kwa karibu mita 4000, tena uko upande wa mashariki, ndiyo maana jua letu linachelewa kutokea: huko Beni watu wamekwisha kuliona, sisi bado tuko kivulini. Upande wa magharibi ardhi inateremka mpaka bonde la mto Semliki, ule unaotoka ziwa Edward na kwenda kumwaga maji katika ziwa Albert. Nyuma yetu mlima, mbele yetu bonde. Hewa ya hapa haina njia nyingi: inapanda ao inashuka.

Kwa hiyo wazee wetu walijua hasa pepo mbili. Kuna upepo wa mulima, unaoanza jioni jua likishatua na kuendelea mpaka asubuhi. Kuna upepo wa Semliki, unaoanza jua likishapanda, unazidi nguvu saa sita mpaka saa tisa ya mchana, kisha unachoka. Upepo wa tatu ni ule wa mvua, unaoangusha migomba na kung'oa mabati, lakini huo hawakuupa jina la upande, sababu unatokea popote wingu lilipo. Mukaka, bibi yetu, alikuwa anasema: "Ile ya mvua haina kwao."

Wenye kusoma jiografia wanajua sababu ya mambo haya. Mchana jua linachoma mteremko wa mlima, hewa iliyo karibu na udongo inapata moto, inakuwa nyepesi na kupanda, na ile ya bondeni inaifuata. Usiku mteremko unapoa haraka, hewa inakuwa nzito, inateremka kama maji, ikifuata mabonde ya mito. Huko juu kuna barafu, ile ambayo wazee waliiita nzururu, na ndiyo maana ndugu zetu Wakonzo wa upande wa Uganda wanauita mlima Rwenzururu. Kwa mukaka sababu ilikuwa nyingine: Kitasamba, mwenye mlima, anakaa katika theluji, na usiku anapumua. Sisi hatutagombana na yeyote. Maelezo yote mawili yanakubaliana juu ya jambo moja: upepo unatoka juu.

Na jambo hilo moja ndilo tulilokosa.

Moto wa mwaka 1984

Tulikuwa wanafunzi wa sekondari, tumerudi nyumbani kwa likizo kubwa. Ilikuwa mwezi wa 7, majani yamekauka. Mukaka alikuwa na kipande cha shamba kilicholala miaka kadhaa, na alitaka tukifyeke, tukichome, ili kiwe tayari mvua ya mwezi wa 8 ikianza. Chini ya kipande hicho kulikuwa kijito. Juu yake, upande wa mlima, kulikuwa shamba la jirani: migomba, na kahawa iliyoanza kuzaa.

Tulifyeka siku nne, sisi na ndugu zetu wawili. Siku ya tano mukaka alikwenda soko. Kabla ya kuondoka alitupa agizo moja: "Mungojee upepo ya mulima ikuye, njo muwashe moto."

Tulingoja. Saa nane ya mchana upepo ukaja, tena wenye nguvu. Tuliangalia majani yanainamia wapi: yanainamia mlimani. Tukaambiana kwamba huo ndio upepo wa mulima, unakwenda mulimani waziwazi. Tukawasha moto kwa upande wa chini, karibu na kijito, kama watu wenye akili.

Msomaji aliyewahi kuchoma shamba anajua yaliyofuata. Moto haukuhitaji hata nusu saa. Ulipanda na upepo, ukaruka kinjia tulichofagia kwa jembe, ukaingia katika majani makavu ya migomba ya jirani, na kutoka hapo ukaingia katika kahawa. Tulipiga na matawi, tulipiga na mashati yetu, tulibeba maji ya kijito katika sufuria. Jioni, wakati upepo wenyewe wa mulima ulipofika, moto ulirudishwa nyuma juu ya majivu yake, ukafa. Ungewashwa saa ile, ungeshuka polepole mpaka kijitoni na kuishia pale, bila kumgusa mtu.

Jirani alikuja usiku. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na kusema: "Mama, batoto bako banenimaliza." Mukaka alimpa kiti, akampa maji, na mbele yake akatuuliza sisi kwa nini hatukungoja. Tulijibu kwamba tulingoja, na kwamba upepo wa mulima ulifika saa nane.

"Saa nane ni upepo ya Semliki."

"Lakini ilikuwa inaenda ku mulima, mukaka."

Alituangalia kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo hatujalisahau: "Mutu wa Bulongo, ni ule anaenda Bulongo, ao ni ule anatoka Bulongo?"

Mukaka alilipa mbuzi wawili. Sisi tulimlimia jirani likizo yote iliyobaki, na mashina ya kahawa yaliyoonekana hayajafa tuliyakata karibu na ardhi ili yachipuke. Mengine yalichipuka. Lakini kahawa inahitaji miaka kabla ya kumpa mutu mfuko, na miaka ile jirani hakuipata kwetu.

Aibu yetu kubwa ilikuwa nyingine. Shuleni tulikuwa tumejifunza jambo lilelile. Mwalimu alikuwa amechora ubaoni ile nyota ya pande za dunia ambayo Wafaransa wanaiita rose des vents, yaani waridi la pepo, na tulikariri kwa Kifaransa kwamba vent d'est ni upepo unaotoka mashariki, si unaokwenda mashariki. Katika mtihani tulikuwa tumejibu vizuri. Tulilijua kwa Kifaransa, tukalikosa kwa lugha ya nyumbani. Haikutujia akilini kwamba mukaka, ambaye hakusoma, alikuwa anatumia kanuni ileile ya ubaoni.

Walivyofanya watu wa pwani

Baadaye, tulipoanza kusoma Kiswahili cha vitabu, tulikuta kwamba wenye lugha hii walikuwa wamefika mbali zaidi. Kwa mutu wa Mombasa, wa Lamu ao wa Unguja, pepo kubwa ni mbili pia. Kaskazi inavuma kutoka pande za Arabuni na India, toka karibu mwezi wa 12 hadi mwezi wa 3. Kusi inavuma kutoka upande wa pili, toka karibu mwezi wa 4 hadi mwezi wa 9. Katikati kuna maleleji, wakati upepo unabadilika-badilika na haujajua uende wapi. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya India yalikuja na kaskazi, yakauza na kununua, yakangoja, na kurudi na kusi. Tarehe ya arusi, bei ya tende, safari ya baba: yote yalifuata pepo hizo mbili.

Ukichukua neno kaskazi na kulitia -ni ya mahali, kama katika nyumbani na shambani, unapata kaskazini, yaani kule kwenye kaskazi. Ukilichukua kusi unapata kusini. Ni kusema kwamba upepo ndio ulioupa upande jina. Mutu wa pwani alipouliza "kaskazini ni wapi?", jibu lilikuwa katika mashavu yake.

Kuna mengine pia. Upepo unaotoka mashariki asubuhi wanauita matlai, kwa neno la Kiarabu lenye maana ya kuchomoza. Na umande, ambao kwetu ni yale maji ya majani ya asubuhi basi, huko pwani ni jina pia la upepo mwanana wa alfajiri unaotoka bara, yaani upande wa magharibi. Hapo tulisimama kidogo. Umande wao na upepo wetu wa mulima ni ndugu kabisa: wote wawili ni hewa iliyopoa usiku juu ya ardhi, inayoteremka kabla ya jua kupata nguvu. Lakini wao ardhi yao iko magharibi na bahari iko mashariki, na sisi mlima wetu uko mashariki. Upepo ni wa namna moja, upande ni kinyume. Ukimleta mutu wa Mombasa Mutwanga na jina lake la umande, atafunga dirisha lisilo lenyewe.

Desturi hii si ya Waswahili peke yao. Waitaliano wana upepo wanaouita tramontana, yaani ule wa kutoka ng'ambo ya milima, na mabaharia wa bahari ya Mediterania wana levante, ule wa kutoka jua linakochomoza. Popote pale watu wanaoutegemea upepo wameuliza swali la mukaka: wewe, kwenu ni wapi?

Jina la jimbo letu

Sasa turudi nyumbani. Mwaka ule wa moto, barua zetu zilikuwa zinaandikwa "Kivu" tu. Ni mwaka 1988 ndipo Kivu iligawanywa mara tatu: Maniema, Kivu ya Kusini, na sisi, Kivu ya Kaskazini. Toka siku hiyo kila kitambulisho, kila diploma, kila kituo cha redio kinachosema Kiswahili, kinatuita kwa jina la upepo wa bahari. Na hapa Mutwanga hakuna bahari. Toka hapa mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita elfu moja. Majahazi hayajawahi kutungoja.

Neno lilifikaje? Lilikuja kwa miguu. Tarehe 24 mwezi wa 5 mwaka 1888, karibu na ziwa Albert, vijana waliokuwa wanamfuata Stanley walimwonyesha mlima ambao, walisema, umefunikwa na chumvi. Ilikuwa nzururu yetu. Mwaka uliofuata, 1889, msafara wake ulipita hapa katika bonde la Semliki, chini ya mlima, na luteni Stairs alijaribu kuupanda, akarudia njiani kabla ya kufika kwenye theluji. Wengi wa wabeba mizigo walikuwa watu wa Unguja, waliozaliwa katika kaskazi na kusi. Tunajiuliza walisema nini usiku wa kwanza, wakati upepo wa mulima ulipowashukia. Baada yao, na baada ya wafanyabiashara wa pembe waliotoka upande wa Maniema, walikuja askari, misheni na shule, na Kiswahili kikakaa. Leo ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya mwaka 2006, na ni mali yetu sawa na ya mutu yeyote.

Hatusemi basi kwamba kaskazini ni neno la wageni, litupwe. Hapana. Tunasema tu kwamba neno hilo limetufikia bila upepo wake. Mtoto wa Mutwanga analitumia kila siku na halimwambii kitu juu ya baridi, juu ya moto, juu ya dirisha. Yale yanayomwambia ni mulima na Semliki, na hayo hayako katika kitabu chochote cha shule. Wataalamu wanatuambia kwamba hata embeho ya Kinande, ile baridi tunayoitaja usiku, na upepo wa Kiswahili ni neno moja la kale lililogawanyika: pale wenzetu walipobaki na p, sisi tumeweka h. Basi lugha zetu mbili ni ndugu toka zamani, na hakuna sababu moja imnyamazishe mwenzake.

Alichojibu mtoto

Mukaka alituacha mwaka 2003. Hakuona umeme ulioletwa Mutwanga mwaka 2013 kwa nguvu ya maji ya mlima. Hakuona pia yaliyofuata. Toka mwisho wa mwaka 2020 mashambulizi ya ADF yaliingia kwa nguvu katika sekta ya Ruwenzori, na watu wakaanza kukimbia: wengine Kasindi, wengine Beni, wengine Butembo. Katika usiku ule wa kusikilizia tulijifunza matumizi mengine ya majina yake. Upepo unabeba sauti ya kule unakotoka. Upepo wa mulima ulituletea sauti ya mto na majani, na kutuficha yanayotokea bondeni. Wazee waliposema "upepo iko ya mulima", maana yake ilikuwa: musitegemee masikio.

Sisi tulikimbilia Butembo. Huko ni milima kila upande, na neno letu halikuwa na kazi tena. Siku moja mwalimu aliuliza darasani juu ya pepo, mtoto wetu mdogo akasema "ya mulima", na wenzake wakacheka: mulima gani? Alirudi nyumbani amenuna. Tulitaka kumfariji, tukamuuliza mkubwa wake, aliyeondoka Mutwanga akiwa na miaka saba, amweleze ndugu yake upepo wa mulima ni upi. Alijibu bila kusita:

"Ni ile inaenda ku mulima, papa."

Tulinyamaza. Ilikuwa kosa letu la mwaka 1984, neno kwa neno. Safari hii hakuna kahawa iliyoungua, lakini tuliona wazi namna jina linavyokufa. Linaanza kwa kubaki mdomoni limegeuzwa, na aliye nalo haoni kwamba amelipoteza.

Tulimuuliza swali la mukaka. "Mutu wa Mutwanga, ni ule anaenda Mutwanga, ao ni ule anatoka Mutwanga?"

Alifikiri kidogo. "Ni ule anatoka Mutwanga." Kisha akauliza: "Na huyu mudogo, mwenye alizaliwa huku Butembo?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwambia kwamba upepo wa mulima, hata ukishafika Semliki, bado watu wanauita wa mulima.

Ombi letu

Tunaomba mambo matatu, nayo si ya gharama. Walimu wa darasa la tatu na la nne, siku mnapochora pande za dunia ubaoni, chukueni dakika tano kuandika pembeni mwa kaskazini na mashariki majina ya pepo za kijiji ambamo shule yenu iko, na saa zake. Kila kijiji kina yake. Yale ya Mutwanga hayatafaa Kasindi, kama vile umande wa pwani usivyotufaa sisi.

Wazazi mulio katika mji, musingoje kurudi ndipo muwafundishe watoto. Mweleze mutoto nyumba yenu ilitazama wapi, mulima ulikuwa upande gani wa kitanda chake, mulianika kakao wapi na moshi wa jiko ulikwenda wapi jioni. Akiyajua hayo, siku atakayofika atajua asimame wapi kabla ya kuwasha moto.

Na vijana mulio na bibi ama babu angali hai, muulizeni leo jioni. Anzeni na swali jepesi: huu upepo, kwao ni wapi? Kisha andikeni jibu kama alivyolisema, kwa lugha aliyolisemea.